Kabati la Bibi Linarudi Mahali Pake

Cedar Gap, Portland
Jamaika
Jumapili, 10 Machi 1974

Mama mpendwa,

Shikamoo. Barua yako ilifika juzi na nimemsomea Babu mara mbili. Nilipofika pale unaposema ulimlilia Bibi chooni kazini ili wagonjwa wasikuone, Babu alivua kofia akaishika magotini mpaka nikamaliza.

Umeniuliza matanga yalikwendaje. Watu walikuja wengi, wakala, wakaimba, na wanaume wakapiga domino mezani kwa vishindo mpaka kuku wakaamka, kama Bibi alivyopenda. Usiku wa tisa, wa mwisho wa matanga, jirani yetu Bi Vie na wanawake wa kanisani waliingia ndani wakahamisha kila kitu, ili Bibi akirudi asiitambue nyumba, apite zake. Kitanda kilichokuwa kinatazama mlango sasa kinatazama dirisha. Kabati la vyombo limetolewa sebuleni, limewekwa karibu na mlango wa nyuma. Cherehani iko njiani kabisa, kati ya chumba cha Babu na sebule, maana hapakuwa na nafasi pengine. Babu alikuwa barazani. Aliposikia kabati linaburutwa akauliza, "Mnanihamishia nyumba nzima?" Bi Vie akamjibu, "Tulia wewe, Egbert. Amri za mkeo zimekwisha, sasa zimeanza zetu." Watu wakacheka. Unakumbuka walivyokuwa wakimtania, kwamba hawezi kuinua kikombe mpaka Bibi amwambie kiko mkono upi. Babu hakucheka.

Mama, tangu siku hiyo nyumba ina sauti usiku. Kitu kinagonga mbao, kinanyamaza. Kinaburuta, kinanyamaza tena. Mara ya kwanza nilimwita Babu kupitia ukutani naye akajibu upesi, kama mtu asiyekuwa amelala. "Hilo ni bati, Ionie. Mchana linavimba kwa jua, usiku linapoa, linajikunja. Lala." Usiku uliofuata akasema ni shelisheli limeanguka juu ya jiko. Halafu akasema ni popo kwenye mkungu. Kila sauti anaijua jina lake. Babu aliijenga nyumba hii kwa mikono yake, kwa hiyo namwamini, lakini naomba na wewe uniambie. Ulipokuwa msichana hapa, ulizisikia?

Karatasi iliyokunjwa humu ameiandika Babu mwenyewe. Sijaifungua.

Binti yako,
Ionie

*

Birmingham
Uingereza
21 Machi 1974

Mwanangu Ionie,

Marahaba. Nimezisikia zote, na nyingine ambazo babu yako amezisahau. Nyumba ya mbao ni kama mzee, haiwezi kugeuka kitandani bila kuguna. Kuna mjusi wa nyuma ya picha ya harusi, anakoroma kuliko mchungaji. Kuna pipa la maji, likipungua linatoa mlio kama mtu anameza mate. Mimi na mama yako mkubwa Cislyn tulikuwa tunalala tumekumbatiana kwa hofu, Mama anatupigia kelele kutoka chumbani kwamba mizimu haina muda na watoto wasioosha miguu.

Sasa hapa ninapoishi kuna bomba la joto linalogonga usiku kucha. Mpangaji wa chini anagonga dari kwa ufagio akidhani ni mimi. Kila nyumba na wazimu wake, mwanangu. Usimsikilize Bi Vie. Chuma yale mashelisheli yaliyoiva, tega panya, lala.

Kinachonisumbua ni hiyo karatasi ya babu yako. Siwezi kuisoma. Mistari imepandana, neno moja limekaa juu ya jingine, na mwisho ameandika nje ya karatasi. Mtu aliyetufundisha sisi kuandika jina letu kwa mstari ulionyooka. Ionie, anakunywa? Nijibu bila kuogopa. Najua wewe ni mtoto ambaye mwalimu alikuwa anainama ili akusikie, lakini kwenye barua hakuna anayekutazama.

Mama yako,
Merlene

*

Cedar Gap
2 Aprili 1974

Mama mpendwa,

Shikamoo. Babu hanywi. Chupa ya ramu iliyobaki matangani bado iko juu ya kabati, na vumbi lake.

Nimefanya yote uliyosema. Nilichuma mashelisheli yote ya upande wa jiko. Nilitega panya, nikapata mmoja mkubwa. Mjusi nilimfukuza kwa ufagio, ingawa nilimhurumia. Pipa nalijaza kila jioni. Sauti ya bati sasa naijua, ni kama viungo vya vidole vinavyokunjwa vikalia, inakuja mapema na kukoma. Sauti ya popo naijua. Nikiziondoa zote, inabaki moja, na hiyo ndiyo inayoburuta.

Nina jambo sijui nilisemeje. Kabati la Bibi linarudi mahali pake.

Unajua kila Jumamosi nasugua sakafu kwa kumbi la nazi mpaka ing'ae. Kwa hiyo nikaona mikwaruzo. Mwanzo ilikuwa kidogo, kama upana wa kiganja. Sasa kabati limeuacha mlango wa nyuma, limefika nusu ya njia kuelekea ukuta wake wa zamani. Kiti cha Bibi cha kufumia nacho kimesogea. Sijavigusa, Mama, nakuapia kwa kaburi lake.

Nilimwambia Babu. Akasema, "Nyumba imeinama, Ionie. Vitu vizito huteremka." Nikaweka ndimu sakafuni kuona. Ilibingirika kwenda upande wa pili.

Bi Vie alipokuja kuomba chumvi aliliona kabati. Hakuchukua hata hiyo chumvi. Jumapili kanisani watu waliniachia benchi peke yangu. Wanasema Bibi amekataa kuondoka, anaipanga upya nyumba yake. Watu sasa hawapiti kwetu jua likishazama. Babu naye haji kanisani tena, anasema amegombana na mchungaji, ila mchungaji hajui waligombana lini. Mchana kutwa anakaa kwenye kiti cha baraza, kila kitu nampelekea. Nikiwasha taa usiku anasema mafuta ya taa siku hizi ni ya kutafuta, niizime.

Nalala na Biblia chini ya mto na mkasi uliofunguliwa kama msalaba. Sijui hata kama huko ni kulala. Nilimpenda sana Bibi. Nitawezaje kumwogopa? Lakini namwogopa. Tafadhali niambie la kufanya.

Ionie

*

Kingston
9 Aprili 1974

Mdogo wangu Merlene,

Nimetoka Cedar Gap jana. Sikulala huko, na sitalala.

Kabati nimeliona. Liko mahali ambapo hatukuliweka. Sasa chagua mwenyewe katika haya matatu. Ama Mama hajapumzika. Ama Baba analewa, anatembeza fanicha usiku. Ama ni huyo binti yako. Mimi nilikuwa namtazama Baba. Miguu yake ina michubuko kuanzia gotini hadi chini, kama ya mtoto anayejifunza baiskeli. Nilipokaa naye mezani alimimina chai ya mnanaa pembeni ya kikombe, ikatapakaa kwenye kitambaa, naye anaendelea kumimina, anazungumza habari za mvua. Saa nne asubuhi, Merlene. Nikamwambia, "Baba, huoni haya?" Akaniambia kikombe kimetoboka.

Na Ionie amesimama pale kama nguzo, haniangalii usoni. Watoto walio kimya hivyo ndio wa kuogopwa. Nyumba imekosa mtu wa kuisemesha tangu Mama afe, huenda anataka atazamwe.

Nimeamua. Jumamosi ya kwanza ya Juni nakwenda huko na gari. Baba ataingia nyumba ya wazee ya wilaya, nimekwisha uliza, kuna kitanda. Ionie nitamtafutia familia ya kufanyia kazi hapa mjini. Nyumba tunapigilia misumari. Usinijibu kwa machozi, jibu kwa akili.

Dada yako,
Cislyn

*

Birmingham
18 Aprili 1974

Ionie,

Mama yako mkubwa ameniandikia. Nakutumia nakala ya maneno yake ili usije ukasema nilikuficha.

Nitakuuliza mara moja. Ni wewe? Unalisogeza hilo kabati? Kama ni wewe sitakupiga, niko mbali na mkono wangu haufiki. Umefiwa, umemaliza shule, huna rafiki, na mimi sipo. Najua mtu anaweza kufanya jambo la ajabu ili ajibiwe. Lakini niambie, kwa sababu Cislyn atamtoa baba yangu kwenye nyumba aliyoijenga, na mzee akitolewa kwenye nyumba yake huwa hamalizi mwaka. Nawahudumia hapa kila siku wa namna hiyo. Nabadilisha shuka zao, wananiuliza gari la kwenda nyumbani linapita saa ngapi.

Na kama si wewe, basi acha kujifunika shuka. Kaa macho. Ona kwa macho yako ni nini, kisha uniandikie.

Nimechoka, mwanangu. Nimeandika kwa ukali. Sina karatasi nyingine ya kuanza upya.

Merlene

*

Cedar Gap
29 Aprili 1974

Mama,

Si mimi. Nilisoma swali lako nikaenda kukaa jikoni mpaka moto ukazimika.

Nilikaa macho. Nilikaa sakafuni nyuma ya mlango wangu, kiberiti mkononi, nikisali. Nilisikia bati, likakoma. Kisha nikasikia mlango wa chumba cha Babu na Bibi. Kisha miguu mitupu, na kiganja kinapita ukutani, polepole, kama mtu anayepapasa kitambaa dukani. Nikajua ni Bibi. Nilikuwa karibu kumwita. Ndipo chuma cha cherehani kikalia, na kitu kizito kikaanguka.

Nilifungua mlango nikawasha kiberiti. Alikuwa Babu. Amelala chini, mguu umenasa kwenye kanyagio la cherehani, damu inatoka juu ya jicho. Alikuwa amenigeuzia uso. Mama, nilikuwa nimesimama mbele yake na moto mkononi, naye akasema kwa sauti ile ile tulivu ya kila usiku, "Ni panya tu, Ionie. Lala."

Kiberiti kikaniunguza vidole. Hakujua kama nipo pale. Alidhani niko kitandani nyuma ya ukuta.

Babu haoni. Anaona mwanga wa mlango tu, anasema ni kama kuchungulia kwenye tundu la ufunguo, na hilo tundu nalo linafungwa. Nilipomkalisha aliniambia, "Macho yaliondoka kama watu wanavyoondoka matangani. Mmoja, mmoja, bila kuaga." Bibi alijua miaka yote. Walikubaliana asimwambie mtu. Zile amri zake, Mama, kikombe mkono wa kulia, ngazi hiyo Egbert inua mguu, mchungaji huyo msalimie, hakuwa anamwamuru. Alikuwa anamwonyesha. Sisi tukacheka.

Nyumba aliijua kwa mikono. Halafu tukahamisha kila kitu. "Mlitaka Icilda apotee njia," alisema, "nikapotea mimi." Kwa hiyo mchana anakaa kitini ili nisigundue, na usiku anatoka kujifunza nyumba yake upya. Penye kitu kinachomshinda, anakisukuma kidogo kirudi kilipokuwa. Anaogopa kukisukuma chote kwa mara moja nisije nikaamka.

Mguu umevimba, hawezi kuukanyagia. Jeraha la usoni nimelifunga. Analia kwa jambo moja tu, nisimwambie Mama Mkubwa. Nami nimefikiri mpaka kichwa kinauma. Akijua kwamba Babu ni kipofu, atasema kipofu na mtoto hawawezi kukaa peke yao. Asipojua, ataendelea kusema ni ramu. Njia zote mbili zinaishia kwenye gari lake.

Nataka kurudisha vitu vyote mahali pake mchana kweupe. Nilimwomba Bi Vie anisaidie kulisukuma kabati. Nilimweleza sababu, nikajikaza nikamweleza. Akasema, "Maskini Egbert. Lakini hata hivyo siligusi. Ukirudisha vitu unamwita maiti mezani, we mtoto. Hujui kama atakuja peke yake." Hakuna atakayenisaidia. Nami naogopa, Mama, sitasema uongo. Kama Bibi yuko njiani anatafuta nyumba, mimi ndiye nitakayemwashia taa.

Wewe ni mtoto wake. Nipe ruhusa, au nikataze. Nitafanya utakalosema.

Ionie

*

Birmingham
9 Mei 1974

Mwanangu,

Nisamehe lile swali. Nilikuuliza kwa kalamu ya Cislyn.

Nimesoma barua yako nimesimama kwenye korido, na ndoo ya maji imenipoea miguuni. Miaka yote hiyo nilimwona mama yangu mkorofi. Siku ya harusi ya Cislyn alimwambia Baba mbele ya wageni, "Geuka kushoto, Egbert, nyoosha mkono, huyo ni mkweo." Nilimwonea Baba aibu. Nikaapa sitamsemesha mwanamume hivyo. Kumbe mama yangu alimficha mumewe ndani ya mdomo wake, na sisi tuliokuwa na macho hatukuona kitu.

Nimemuuliza nesi mmoja hapa, mwema. Anasema inaelekea ni presha ya macho. Kilichokwisha ondoka hakirudi. Kilichobaki huenda kikazuiwa kwa dawa ya matone, akionwa mapema. Mapema, Ionie. Kuficha kwao kulikuwa mapenzi, lakini mapenzi hayo yamekula macho yake. Kwa hiyo wewe usifiche. Cislyn sitamwambia mimi. Utamwambia wewe, kwa mdomo wako, kwa sauti ya kusikika. Ukimwambia kwa kunong'ona atadhani unaungama kosa.

Vitu virudishe. Ubao wa sebuleni una alama nyeusi ya pasi, niliiangusha nikiwa na miaka kumi nikachapwa. Mguu wa mbele wa kabati ulikuwa unakaa juu yake, Mama aliuweka hapo ili wageni wasiione. Kitanda kitazame mlango, na mtu akitoka chumbani akinyoosha mkono wa kushoto aguse kiti cha kufumia. Cherehani ikae chini ya dirisha, iliko nuru.

Bi Vie akisema tunamwita Mama, mwambie bintiye ameruhusu. Nilikuwa mbali akifa, nilikuwa mbali akizikwa. Kama kuna mtu wa kumwogopa, si yeye. Akija, mwambie Merlene anamsalimu.

Mama yako

*

Cedar Gap
3 Juni 1974

Mama mpendwa,

Shikamoo.

Kabati nililisukuma peke yangu. Nilitoa vyombo vyote kwanza, nikatia maganda ya ndizi yaliyolainika chini ya miguu yake, likateleza. Alama ya pasi ipo. Mguu umekaa juu yake kama kofia. Bi Vie alisimama nje ya uzio akinitazama dirishani, anasoma zaburi. Niliposhindwa na kitanda aliingia, bado anasoma, akashika upande mmoja, akatoka bila kuvunja mstari.

Babu alitoka chumbani na fimbo. Aligusa mlango, akagusa kiti, akagusa kabati. Alisimama pale mkono juu ya mbao muda mrefu, kisha akaenda barazani bila kugusa kitu kingine, akakaa.

Jumamosi Mama Mkubwa alifika na gari na mwanamume wa kubeba mizigo. Hata kofia hakuvua. "Baba, nguo zako ziko wapi?" Babu akasema, "Karibu chai kwanza, Cislyn." Nilikuwa nimekariri maneno yangu usiku kucha. Yote yakapotea. Nikasema tu, "Mama Mkubwa, Babu haoni." Hakusikia. Nikasema tena, kwa nguvu, mpaka yule mbeba mizigo akasimama mlangoni. "Babu ni kipofu. Halewi, na hakuna mzuka, na si mimi. Ni kipofu tangu siku nyingi, na nyumba tulimharibia sisi."

Mama Mkubwa akamgeukia Babu. "Kweli?" Babu akainamisha kichwa, kama mtoto. "Sasa kipofu na mtoto," Mama Mkubwa akasema, "nani atamwangalia nani?"

Babu aliinuka kwenda kumimina chai kwa sababu alisema atamimina. Mkono wake ukawa unakipita kikombe. Sikufikiri. Mdomo wangu ukasema wenyewe, kwa ukali kabisa, "Kikombe mkono wa kulia, Egbert." Nikaziba mdomo. Sijawahi kumwita Babu kwa jina.

Mkono ukarudi, ukapata kikombe, ukamimina. Haikudondoka hata tone.

Mama Mkubwa alikaa kwenye kiti cha kufumia akiwa bado na mkoba begani. Akaanza kulia bila sauti, mabega tu yakitikisika. Akasema, "Alimwambia geuka kushoto. Siku ya harusi yangu." Chai aliinywa ikiwa imepoa.

Gari liliondoka bila Babu. Lakini Mama Mkubwa atarudi wiki ijayo kumchukua kumpeleka kwa daktari wa macho Kingston, na amesema daktari akisema vibaya, au Babu akianguka tena mara moja tu, habari ya kitanda cha nyumba ya wazee bado ipo. Kwa hiyo hatujashinda. Tumepewa muda. Sasa nasema kutwa. Ngazi, Babu. Moto upo kushoto, Babu. Koo linaniuma jioni. Bi Vie anamwambia kila mtu kwamba Icilda amerudi na ameingia kwenye ulimi wangu, na watu wameanza kupita tena ili wasikie.

Usiku nyumba imetulia. Babu analala. Mimi ndiye ninayekaa macho, nasikiliza asije akaanguka.

Jana mvua ilinyesha kutwa nzima, mpaka usiku, na ilipokatika nilisikia kitu sebuleni. Hatua chache, nyepesi, zikasimama penye kabati. Babu akaniita kupitia ukutani. "Ionie, ni nini hicho?"

"Ni bati, Babu," nikamwambia. "Linapoa. Lala."

Jua halikuwa limeonekana siku nzima, bati halikuwa na joto la kupoa, na Babu analijua bati lake kuliko mtu yeyote. Lakini akasema, "Haya. Ndilo bati," nikamsikia anageuka upande wake wa zamani wa kitanda, akimwachia mtu nafasi.

Sikuogopa sana. Nilimpa salamu zako.

Binti yako,
Ionie